Seva ya repo: fedha ianze kwenda wapi

Mtu anaandika `git push`, amri ya Git (programu ya kudhibiti matoleo ya msimbo) inayopeleka kazi yake kwenye repo, yaani hifadhi ya msimbo iliyo kwenye seva; terminali inamjibu kwamba tawi limesogea, anafunga kompyuta na kwenda zake. Kuanzia hapo kazi yake iko mikononi mwa seva. Jibu lile ni ahadi kwamba data imefika kwenye diski, na kwamba mwaka kesho itasomeka kama ilivyo leo, biti kwa biti. Seva ikichelewa nusu sekunde, watu watanung'unika kidogo na kuzoea. Ikisema imepokea ilhali haijapokea, timu itapoteza siku nzima kutafuta nani ana nakala nzima ya nini. Ndiyo maana anayenunua mashine ya kudhibiti matoleo akianza kwa kuhesabu viini vya prosesa ameanzia mkiani. Fedha itangulie kwenye vitu visivyoonekana katika vipimo vya kasi.

Diski

Tazama kinachotokea komiti, yaani mabadiliko yaliyohifadhiwa kwa pamoja, zinapofika. Git iliyo kwenye seva hukagua vitu vilivyoletwa na kukokotoa upya heshi ya kila kimoja, yaani alama ya utambulisho inayotokana na maudhui yake. Vikiwa pungufu ya 100, ambacho ndicho kiwango cha awali cha `receive.unpackLimit`, kila kitu huandikwa kama faili lake dogo ndani ya `objects/`. Vikifika 100 au zaidi, hubaki vimefungwa pamoja katika faili la paki. Mwishoni faili la tawi huandikwa kwa jina la muda, kisha jina hilo hubadilishwa kuwa la kudumu.

Sasa, katika siku ya kawaida karibu kila anayesukuma ana vitu vichache: komiti mbili, miti yake (orodha za faili za kila folda), faili tano zilizobadilika. Na faili hizo ndogondogo ndizo ambazo Git, kwa mipangilio yake ya awali, haingoji diski ithibitishe kuwa zimeandikwa. Hukaa kwenye RAM ya kerneli (kiini cha mfumo wa uendeshaji) sekunde kadhaa kabla ya kushuka chini. Umeme ukikatika katika sekunde hizo, ukiwasha mashine unakuta faili zipo kwa majina lakini zina baiti sifuri, na ujumbe unaoanza na `error: object file` na kuishia na `is empty`. Tangu Git 2.36, iliyotoka 2022, kuna mpangilio wa kulizuia hilo:

`git config --system core.fsync all`

Uweke kwenye seva siku ya kwanza. Ukishauweka, kila anayesukuma ataingoja diski, na hapo ndipo aina ya diski inapoanza kujulisha tofauti yake.

SSD ya kawaida ya kompyuta ya mezani hupokea data kwenye kache yake ndogo, kisha huihamishia kwenye chipu za kudumu kwa wakati wake. Mfumo ukiilazimisha ithibitishe, inabidi isubiri chipu ziandike kweli, na hilo huchukua milisekunde moja au zaidi kila mara. SSD za seva zina kapasita kwenye bodi yake zinazohifadhi umeme wa kutosha kumalizia kilichomo kwenye kache hata waya ukichomolewa. Kwa hiyo zinaweza kujibu "tayari" mara moja bila kudanganya, mara nyingi chini ya milisekunde 0.1. Kinga hiyo hutajwa kwa kifupi cha PLP kwenye karatasi ya sifa za diski. Soma maelezo yake kwa makini, kwa sababu baadhi ya diski za bei nafuu hutangaza kinga inayolinda tu data iliyokwisha tua kwenye chipu, si ile iliyo njiani. Ukiiona picha ya bodi, kapasita huonekana kama safu ya vipande vya njano au vyeusi karibu na ukingo. Nafasi yake ndiyo inayofanya SSD nyingi za M.2 zenye kinga hii ziwe za 22110, yaani urefu wa milimita 110, badala ya zile za 2280 tulizozizoea. Pima nafasi kwenye ubao mama kabla ya kuagiza.

Usiiamini karatasi peke yake. Diski ikifika, kabla ya kuweka chochote, ipime kwa programu ya fio:

`fio --name=jaribio --rw=write --bs=4k --size=1g --ioengine=sync --fsync=1`

Kwenye majibu tafuta sehemu ya fsync (muda wa kungoja diski ithibitishe) na usome asilimia ya 99, yaani muda ambao majibu 99 kati ya 100 hayauzidi, si wastani. Wastani mzuri wenye asilimia ya 99 ya milisekunde 20 ni dalili ya diski inayokwama mara kwa mara, na siku ambayo timu nzima inasukuma kabla ya kutoa toleo, kukwama huko kutaonekana. Kuna na kinyume chake: diski isiyo na kapasita ikitoa majibu ya haraka kupita kiasi, ishuku. Huenda inasema imeandika na haijaandika.

Uimara wa kuandikwa, ule unaopimwa kwa TB, husumbua watu kuliko unavyostahili. Chukua timu yenye GB 40 za repo kwa jumla, na tuseme zote zinafungwa upya, yaani kupangwa katika paki mpya, kila usiku. Hizo ni TB 14.6 kwa mwaka, TB 73 kwa miaka 5. SSD ya TB 1 ya kompyuta ya mezani kwa kawaida hudhaminiwa kwa TB 600 hivi, na ya seva ya GB 960 inayoruhusu kuandikwa yote mara moja kila siku kwa miaka 5 inafika TB 1,752. Huwezi kuimaliza kwa Git. Ukiwa na fedha ya kuchagua kimoja tu, chagua PLP na uachane na daraja la uimara la juu. SSD za QLC, zinazobana biti nne katika kila seli, pekee ndizo ningeziepuka hapa, maana kufunga repo kubwa upya ni kuandika mfululizo, na zikimaliza sehemu yake ya kasi hushuka vibaya.

Kuhusu ukubwa, jumlisha repo zote, zidisha mara tatu, kisha ongeza faili za LFS (nyongeza ya Git ya mafaili makubwa) kando. Mara tatu kwa sababu wakati wa kufunga upya paki ya zamani na mpya hukaa pamoja, na kwa sababu repo hazipungui. LFS ina hesabu yake: haihifadhi tofauti, huhifadhi kila toleo zima. Faili la MB 200 likibadilishwa mara 50 ni GB 10, hata kama kilichobadilika kila mara ni herufi moja.

Weka diski mbili pacha, RAID 1 ya kawaida ya Linux au kioo cha mfumo wa faili wa ZFS. Kadi ya RAID haina faida kwa diski mbili, na ikifa unaanza kutafuta nyingine ya aina ileile yenye fimwea (programu ya ndani ya kifaa) inayoelewana nayo ili tu usome data yako. RAID 5 achana nayo kabisa kwa ukubwa huu. ZFS nayo ina sifa inayonifanya niipendelee hapa: hupiga jumla ya ukaguzi kwa kila bloku, hivyo diski moja ikirudisha data iliyooza inajua ni ipi iliyokosea na inaitengeneza kutoka kwa pacha wake. RAID 1 ya kawaida ikikuta nakala mbili hazifanani haina njia ya kujua ipi ndiyo kweli. Vyovyote utakavyochagua, panga ukaguzi wa diski nzima kila mwezi. Ubanaji wa mfumo wa faili usikuhangaishe, paki za Git zimeshabanwa tayari.

Pacha hao wasiwe wa shehena moja. Mnamo Novemba 2019 kampuni ya seva ya HPE ilitangaza kwamba baadhi ya SSD zake za SAS zilikuwa na kosa la fimwea lililozifanya zife zikifikisha saa 32,768 za kuwashwa, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8, na data isiweze kurudishwa. Namba hiyo ni 2 kwa kipeo cha 15, kaunta ilikuwa inafurika. Machi 2020 ukatoka mwingine, safari hii saa 40,000. Diski mbili zilizowashwa kwa pamoja zingekufa saa ileile, na RAID isingekusaidia kitu. Kwa hiyo nunua moja ya kampuni hii na nyingine ya kampuni ile, zenye ukubwa unaokaribiana, na ndogo kati yake ndiyo itakayoamua nafasi utakayopata. Kisha angalia fimwea mpya kila miezi michache. Watu husasisha kerneli kila wiki na diski haiguswi tangu itoke kwenye boksi.

Jambo moja la kumalizia diski: repo zikae kwenye diski za mashine yenyewe. Kuziweka kwenye NFS au folda ya kushirikiwa ni kukaribisha matatizo ya kufuli na ya kubadilisha majina ya faili, mambo ambayo Git inayategemea sana. GitLab, watengenezaji wa programu ya seva ya Git, wenyewe waliacha kuunga mkono NFS kwa hifadhi ya repo.

RAM, na kwa nini usiku ni hatari zaidi

Git ina sifa ya kugundua uharibifu, nayo ni ya kweli kwa sehemu. Data ikiharibika njiani kutoka kwa mtumiaji, heshi hazitalingana na seva itaikataa. Hatari iko mahali pengine. Usiku, kazi ya `git gc` husoma vitu vya zamani, huvipangia delta (tofauti kati ya vitu) mpya, huandika paki mpya na kufuta ya zamani. Biti ikigeuka ndani ya RAM kati ya kusoma na kuandika, Git inaweza kupiga jumla ya ukaguzi sahihi kabisa juu ya data iliyokwisha haribika. Paki mpya inaonekana nzima, ya zamani imefutwa, na hakuna atakayejua mpaka mtu atakapohitaji faili lile la miaka mitatu iliyopita.

Kugeuka kwa biti si hadithi. Utafiti uliochapishwa 2009 na watu wa Google na Chuo Kikuu cha Toronto, juu ya seva za Google zenyewe, ulikuta karibu theluthi ya mashine zilipata angalau kosa moja la RAM lililorekebishika kwa mwaka, na zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya RAM viliathirika. Seva hizo zilikuwa na ECC, yaani RAM inayogundua na kurekebisha makosa, ndiyo maana makosa yalihesabika. Mashine isiyo na ECC hupata makosa vilevile, ila haiyaoni.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapotegwa na DDR5. Chipu zake zina urekebishaji wa ndani, na wauzaji wengine huuita ECC. Urekebishaji huo hulinda kilicho ndani ya chipu tu. Haulindi njia ya kutoka kwenye chipu hadi prosesa, na hauripoti chochote kwa mfumo. ECC kamili ina biti za ziada kwenye basi yenyewe. Ukishawasha mashine, endesha `dmidecode -t memory` na ulinganishe mistari miwili: upana wa data utakuwa 64, na upana wa jumla lazima uwe mkubwa zaidi, 72 kwa DDR4, 72 au 80 kwa DDR5. Vikilingana, huna ECC hata kama risiti inasema unayo. Kisha angalia kama kerneli inahesabu makosa kweli:

`grep . /sys/devices/system/edac/mc/mc*/ce_count`

Ikileta sifuri, vizuri. Ikisema faili halipo, ama kiendeshi hakijapakiwa ama ubao mama umekubali kipande cha ECC bila kuitumia ECC yake, hali ambayo ipo kwenye mbao mama nyingi za mezani. Xeon na EPYC hazina shida hii. Ryzen nyingi huikubali ECC endapo ubao mama nao unaikubali, lakini zile zenye kichakata picha ndani ambazo si za daraja la Pro ziepuke. Intel Core za kizazi cha 12 hadi 14 zinahitaji chipseti maalumu kama W680. Na kumbuka kuna RAM ya ECC yenye rejista na isiyo na rejista: haziwezi kuchanganywa, na prosesa za mezani hutaka ile isiyo na rejista. Kwenye DDR5 hata pengo la kuchomekea limewekwa mahali tofauti, kwa hiyo kosa hilo utaligundua mapema.

Kiasi gani? Lengo ni paki za repo zinazotumika kila siku zienee kwenye RAM iliyobaki baada ya programu zenyewe kula sehemu yao, ili kerneli isirudi diski kila mtu anapovuta. Gitea, programu nyepesi ya seva ya Git, kwa timu ndogo inatosheka na viini 2 na GB 1. GitLab ni mnyama mwingine, ihesabie GB 8 au zaidi kabla hujaweka repo hata moja. Kwa timu ya watu 20 hadi 30, GB 32 kwa vipande viwili vya 16 huacha nafasi ya kupumua, na mbao mama nyingi zitakuachia nafasi mbili tupu za baadaye.

Kabla ya kununua zaidi ya hapo, tazama mipangilio. Git inapotafuta delta hushika vitu 10 kwa wakati mmoja katika kila uzi wa kazi (thread), na nyuzi ni nyingi kama viini. Mafaili yanayozidi MB 512 huyaruka, lakini repo yenye mafaili mengi ya MB 500 kwenye prosesa ya viini 8 inaweza, kwa hesabu ya karatasi, kutaka GB 40. Ndipo kerneli inapoua mchakato katikati ya usiku, asubuhi unakuta mabaki ya faili za muda yamejaza diski. Kuweka `pack.threads` iwe 4 na `pack.windowMemory` iwe `512m` humaliza tatizo bila kununua kitu. Kikomo hicho ni cha kila uzi, si cha mchakato mzima, jambo ambalo wengi hulisahau wanapopiga hesabu.

Prosesa na mtandao

Prosesa ya viini 6 au 8 ya miaka ya karibuni inatosha timu nyingi. Mtu anapokloni, yaani kunakili repo nzima, hatua ya kuhesabu vitu hutembea kwenye uzi mmoja, kwa hiyo kasi ya kiini kimoja ina faida kuliko wingi wa viini vilivyo polepole. Faili za bitimapu (orodha za vitu zilizokokotolewa mapema) hufupisha hatua hiyo mno, na matoleo ya sasa ya Git huziandika zenyewe kwenye repo za seva zinapofungwa upya.

Mzigo mkubwa hautoki kwa watu. Unatoka kwa mashine zinazojenga na kupima msimbo. Watu 25 wakivuta mara kumi kwa siku ni mavuto 250 madogo, kila moja likileta tofauti tu. Sasa tuseme kila sukumo huanzisha kazi 6, kila kazi ikikloni MB 800 upya, na kuna masukumo 60 kwa siku. Hizo ni kloni 360, GB 288 kila siku. Waya wa gigabiti 1 hupitisha MB 110 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kazi 6 zikianza pamoja huukalia kwa sekunde 44, na anayejaribu kusukuma katikati yake atadhani seva imekufa. Jibu la kwanza ni kuzifanya mashine hizo zitumie `--depth 1` (toleo la mwisho tu, bila historia) au ziwe na nakala ya karibu ya kurejelea kwa `--reference`. Baada ya hapo, kama bado waya unajaa, ndipo uzungumze habari za gigabiti 10.

Umeme

UPS ya kawaida inayorekebisha volti inatosha mahali pengi. Lakini angalia umbo la mawimbi yake. UPS za bei ya chini zikiwa kwenye betri hutoa mawimbi ya ngazi, na pawasaplai za kisasa zenye urekebishaji hai wa kipengele cha nguvu wakati mwingine huyakataa: umeme unakatika, UPS inashika, seva inazima palepale. Tafuta inayotoa mawimbi laini ya sine. Seva ya namna hii na swichi yake hula wati 100 hadi 150, kwa hiyo UPS ya VA 1500 inatoa dakika za kutosha kuzima kwa utaratibu, na kazi yake ni hiyo. Kuendesha kazi wakati wa kukatika ni suala la jenereta au betri kubwa.

UPS bila waya wa USB kwenda kwenye seva ni betri tu. Sakinisha NUT, programu ya kuzungumza na UPS, ipe amri ya kuzima betri ikishuka, na kwenye BIOS weka mashine iwake yenyewe umeme unaporudi. Kuna mtego: seva ikishazima kwa amri ya UPS na umeme ukarudi kabla UPS haijaishiwa, seva haitaona kukatika kokote na itabaki imelala. NUT ina njia ya kuiamuru UPS ikate umeme yenyewe seva ikishazima, ili kuwe na kurudi kwa kweli. Ijaribu kwa kuchomoa plagi ukutani mchana, watu wakiwa wameambiwa. Betri za risasi za UPS huchoka ndani ya miaka 3 hadi 5, na joto likizidi nyuzi 25 huchoka mapema zaidi. Andika tarehe kwenye betri yenyewe kwa kalamu ya wino mzito.

Seva yenye pawasaplai mbili ina maana kama kila moja imechomekwa kwenye njia yake ya umeme. Zote mbili kwenye UPS moja hukukinga na pawasaplai kufa, si na UPS kufa.

Mashine iliyotumika ni chaguo la heshima, mradi upige hesabu ya umeme. Seva ya zamani yenye prosesa mbili ikila wati 120 bila kufanya lolote hutumia kilowati-saa 1,051 kwa mwaka. Mashine ndogo ya wati 40 hutumia 350. Nunua kasha, ubao mama, prosesa na RAM ya ECC vilivyotumika bila hofu. SSD nunua mpya, na kama huna budi kuchukua ya zamani, soma `percentage_used`, `media_errors` na `unsafe_shutdowns` kwa `nvme smart-log` kabla ya kutoa fedha. Badilisha na betri ya CR2032, ni kitu kidogo kinachopoteza mipangilio ya BIOS siku mbaya kuliko zote.

Kidhibiti cha mbali cha seva (BMC), kile chenye mlango wake wa mtandao, kinakuokoa safari ya usiku. Badilisha nenosiri lake la kiwandani na ukitenge kwenye mtandao wake. Angalia kwenye BIOS kama kinajiazima mlango wa kawaida wa mtandao pale mlango wake unapokosa waya. Mbao mama nyingine hufanya hivyo bila kukuuliza, na unajikuta umekianika mahali usipotarajia.

Kabla ya kuihamishia timu

Ipe mashine siku tatu nne za mateso. Memtest86+ usiku mzima kwanza, mizunguko minne au zaidi. Kisha `smartctl -t long` kwa kila diski, na kwa diski za sahani `badblocks -wsv`, ambayo hufuta kila kitu, kwa hiyo ni sasa au basi. Kisha `stress-ng` kwenye viini vyote ukitazama joto. Mwisho, wakati skripti inasukuma komiti mfululizo kwenye repo ya majaribio na kuandika kando heshi ya kila komiti iliyokubaliwa, chomoa waya wa umeme nyuma ya seva, si plagi ya UPS. Iwashe, endesha `git fsck --full`, na ulinganishe orodha yako na kilichopo. Komiti moja iliyokubaliwa ikikosekana, diski au mipangilio inadanganya, na ni afadhali umelijua hilo wiki hii. Rudia mara kumi. Mara moja haithibitishi kitu.

Katika kipindi hicho tazama sifa ya SMART (kumbukumbu ya afya ya diski) namba 199, inayohesabu makosa ya mawasiliano, kwenye diski za SATA. Ikipanda wakati 5, 197 na 198, zinazohesabu sekta mbovu, zimetulia, diski ni nzima na kebo ndiyo mbovu. Diski nyingi zimetupwa kwa kosa la kebo.

Mashine ya pili

Kuna faraja ya uongo inayosambaa kuhusu Git: kila mtu ana historia nzima kwenye kompyuta yake, kwa hiyo seva ikifa tunaijenga upya. Kloni ya mtu haina matoleo yote ya LFS, haina matawi ambayo hajayavuta, haina haki za watumiaji, haina mijadala ya maombi ya kuunganisha, haina hooks za seva, yaani skripti zinazojiendesha watu wanaposukuma. Na wanaotumia mifumo mingine ya matoleo kama Subversion au Perforce hawana hata hiyo faraja, historia iko kwenye seva peke yake. Kwao `svnadmin verify` na `svnadmin hotcopy` ni kazi za kila usiku, na kwa Perforce jarida likae kwenye diski tofauti na hifadhidata, ili hifadhidata ikifa, jarida pamoja na checkpoint (nakala) ya mwisho virudishe hali.

Lililowapata KDE, mradi wa programu huria, Machi 2013 linafaa kusomwa na kila anayepanga nakala rudufu. Mashine iliyobeba seva yao ya Git ilizimwa kwa ajili ya masasisho ya usalama, na ilipowaka mfumo wa faili wa ext4 ulikuwa umeharibika. Walikuwa na seva vioo kadhaa zilizojilinganisha na ile kuu mara kwa mara. Faili lililoorodhesha miradi liliharibika pamoja na vingine, vioo vikalisoma, vikaona miradi mingi "haipo tena", navyo vikaifuta kwa utiifu. Repo zilikuwa kama 1,500. Waliokolewa na nakala nzima iliyobaki kwenye mashine moja nyingine. Walijifunza pia kwamba `git clone --mirror` peke yake haikagui kila kitu inachonakili.

Kwa hiyo kioo hakihesabiwi kuwa nakala rudufu. Mashine ya pili iwe ya bei nafuu, haihitaji kasi: diski mbili za sahani za TB 4 zinatosha wengi. Zihakikishe kuwa za CMR, aina isiyopandanisha njia za data. Western Digital walikiri Aprili 2020 kwamba baadhi ya diski za Red, zilizouzwa kwa ajili ya hifadhi za mtandao, zilikuwa za SMR, aina inayokwama vibaya sana RAID inapojijenga upya. Mashine hiyo ndiyo ivute kutoka kwa seva, seva isiwe na ufunguo wa kuandika kwake, ili atakayeivamia moja asifute zote mbili. Weka `transfer.fsckObjects true` kwenye pande zote mbili, ili kila kinachopokelewa kikaguliwe. Hifadhi picha za hali ya repo (snapshots) za kila siku kwa wiki mbili na za kila mwezi kwa mwaka, na kabla ya kila picha mpya skripti ihesabu repo: zikipungua kwa zaidi ya mbili tatu, isimame na kuita mtu.

Hifadhidata ya GitLab au Gitea inakiliwe katika kazi hiyohiyo, kwanza hifadhidata kisha repo, ili hifadhidata isizungumzie komiti ambayo haijanakiliwa. GitLab wenyewe Januari 2017 walifuta saraka ya hifadhidata ya uzalishaji kwa bahati mbaya, wakakuta njia tano za nakala na urudufu hakuna iliyofanya kazi kama walivyotarajia. Walipoteza data ya saa 6 hivi. Repo zilipona.

Kila robo mwaka chukua mashine yoyote tupu, hata ya mtandaoni ya kukodi kwa saa, na urudishe kila kitu kutoka kwenye nakala bila kuigusa seva kuu. Endesha `git fsck --full` kwa repo zote, vuta faili moja la LFS la zamani, ingia kwa akaunti ya kawaida na usukume komiti. Andika muda uliotumika. Kama aliyefanya kazi hiyo ndiye aliyeijenga seva, safari ijayo mpe mwingine maelekezo yaliyoandikwa na usimsaidie.